Bibie wa Kando ya Mto

Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, utadhani mji mzima uliamka ukagundua kwamba hauoni. Duka la miwani lilijaa mpaka mlangoni, watu wamebanana kati ya kuta za fremu, huyu anajaribu ya duara, yule ya pembe nne, mwingine anagombea kioo. Mpimaji wa macho alikuwa mmoja tu, dada wa koti jeupe, kilemba cha zambarau na hereni ndefu zilizocheza kila alipogeuza shingo. Mtaani walimwita Herufi, kwa kuwa kutwa nzima wimbo wake ulikuwa mmoja: "Soma herufi."

Katikati ya zogo hilo akaingia mwanamume mrefu, kofia pana ameishusha mpaka puani, shati la kaki lenye mifuko isiyohesabika. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Mtu asiyemjua angesema kaja kuiba. Zamu yake ilipofika, mlango wa chumba cha vipimo aliufunga yeye mwenyewe.

"Dada, hili jambo libaki kati yetu wawili."

"Jambo gani? Mbona sijaona kitu bado?"

"Ndiyo hilo. Na mimi sioni."

Herufi akauma mdomo asicheke. Mgonjwa akavua kofia, akajieleza. Yeye ni dereva wa watalii, mwaka wa kumi na moja sasa mbugani, na wenzake walimpa jina la Darubini kwa jinsi alivyokuwa akiona wanyama wa mbali kabla ya mtu yeyote.

"Wiki iliyopita nikawasimamishia wageni gari. Nikawaambia, tazameni, simba dume yule, amelala. Wakapiga picha dakika ishirini."

"Halafu?"

"Halafu akaja ndege akatua juu yake. Akaanza kudonoa."

"Kilikuwa kisiki?"

"Kisiki, dada yangu. Na picha wameshawatumia watu wa kwao."

Hapo Herufi alishindwa. Alicheka mpaka akashika meza, na foleni ya nje nayo ikaanza kucheka bila kujua inacheka nini. Alipojifuta machozi alimkalisha kitini, akazima taa, akawasha ubao.

"Soma herufi ya juu kabisa."

Darubini akakodoa macho. "Ile kubwa? Ina mguu mmoja."

"Kaka, herufi hiyo, si mnyama."

"Ina mguu mmoja na mapembe mawili."

"Hiyo ni Y!"

"Sasa si ndivyo nilivyosema?"

Miwani alitengenezewa, na ilimkaa vizuri kiasi kwamba Herufi mwenyewe alijikuta anaitazama zaidi ya ilivyohitajika. Lakini mwezi uliofuata mtu huyo alirudi mara nne. Kila mara skrubu imelegea. Mara ya tano Herufi akaiweka bisibisi mezani.

"Kaka, hii skrubu unailegeza mwenyewe."

"Nikiiacha ikaze, nitakuja hapa kwa sababu gani?"

Basi tena. Mtu akishasema hivyo, na amenyoa vizuri, na shati limepigwa pasi, unamjibu nini? Herufi alikaza skrubu kwa mara ya mwisho, akaandika namba yake ya simu nyuma ya kadi ya duka.

Siku tano za wiki Darubini alikuwa mbugani, siku mbili mjini. Zile mbili walizitembea kwa miguu, na zile tano walizimaliza kwenye simu. Yeye alimwita mboni yangu. Herufi alimwita kisiki changu, na hakuna aliyenuna.

"Leo vipi, kisiki?"

"Leo nina baba mmoja kaniuliza wanyama hufunguliwa saa ngapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi, ila tembo hukataa kurudi ndani. Akaandika. Na yupo dada kajipulizia manukato, nyuki wametusindikiza tangu getini. Mume wake kahamia kiti cha nyuma."

Kwa mwaka mzima mambo yalikuwa hivyo, matamu. Kampuni ikamtaka Darubini ahamie kambi mpya, mbali, miaka miwili, likizo kila baada ya miezi mitatu. Akakataa papo hapo. Alimwambia Herufi kwamba kuna mtu mjini ambaye hawezi kumwona kwa ratiba. Wakapanga, Jumapili ya wiki ijayo aje nyumbani ajitambulishe kwa mama. Mama mtu akaanza kufua mapazia siku hiyo hiyo.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Ilikuwa Jumatano mchana. Herufi yuko kazini, simu sikioni, bibi mmoja kakaa kwenye kiti cha vipimo anasubiri. Darubini yuko mbugani, wanabishana kama avae tai au asivae. Mara redio ya garini ikakoroma.

"Subiri kidogo, mboni yangu," akasema, akaitia simu mfukoni. Hakuikata. Na Herufi naye hakukata. Akasikia sauti ya mpenzi wake, laini, ya chini chini, ile ile anayomsemesha nayo yeye.

"Ndiyo, nipo kwa Bibie. Pale pale kando ya mto... Amejilaza. Mzuri jamani, nikimwona moyo unatulia... Watoto wote wawili wananyonya... Mwaka wa tatu sasa, tumeshazoeana, hata akiniona hashtuki... Baba yao? Aa, huyo ni wa kuja na kuondoka, unamjua tena!"

Herufi akachomoa lenzi bila kutazama ni ipi. Bibi kitini akauliza, "Mwanangu, nisome?" Akajibiwa asome. Bibi akasoma ubao wote sawasawa, na bado siku ile alitoka na miwani ya mwanafunzi wa chuo.

Lazima ujue kitu kimoja ndipo usimlaumu sana. Miaka minne nyuma Herufi alikuwa na mchumba, na gauni la harusi likishonwa, ndipo akaja kugundua kwamba mchumba ana mke na watoto mji wa pili. Toka hapo masikio yake yalikuwa mepesi kuliko macho yake. Hakuuliza Bibie ni nani. Alituma ujumbe mmoja tu: "Jumapili usije. Unajua mwenyewe."

Simu ikaita mara kumi na nne. Ya kumi na tano akapokea.

"Mboni yangu, nimefanya nini?"

"Unajua."

"Wallahi sijui."

"Basi kaa hivyo hivyo, usijue." Akakata, akamfungia namba.

Siku ya nane, ujumbe ulikuja kwa simu ya duka. Fundi wa fremu aliusoma kwa sauti mbele ya wateja, mbeya yule: "Mwambieni daktari wenu kwamba kama hanitaki, nitaikubali ile kambi ya mbali. Jumatatu nasaini." Herufi aliingia chumba cha vipimo, akazima taa, akalia gizani huku akisema ana kazi.

Aliyemkuta humo ni shangazi yake. Shangazi alikuwa muuguzi mstaafu, mnene, mwenye sauti ya kuita wagonjwa wodi nzima. Akaambiwa kisa chote.

"Kwa hiyo umesikia."

"Nimesikia kwa masikio yangu, Shangazi!"

"Mama yako anajua?"

Herufi akajifanya anatafuta leso.

"Haya. Mtu huyo anasaini Jumatatu, na ukimwacha aende, hurudishiwi. Kama ana mke, nataka kumwona huyo mke. Kesho kutwa Jumamosi kuna gari la siku moja linaenda mbugani. Nimeshachukua viti viwili."

"Umechukua saa ngapi?"

"Nitachukua sasa hivi. Nyamaza, usafishe uso."

Jumamosi asubuhi abiria wote walivaa kaki na rangi ya majani makavu. Herufi alivaa gauni jekundu lililombana kiunoni, kilemba, hereni za dhahabu, viatu vya kisigino, midomo kapaka ikaiva. Mtu akienda kukutana na mke mwenzie haendi hovyo. Shangazi alivaa gauni la marinda na kofia yenye ua. Dereva wao, mzee mmoja aliyeitwa Taratibu kwa uendeshaji wake, aliwatazama akakuna kichwa.

"Binti, unaenda harusini?"

"Naenda kuvunja moja," Herufi akasema, akapanda.

Kiti cha mbele yao alikaa mgeni mmoja wa mbali, bibi mwembamba mwenye daftari la kutia alama wanyama. Kiswahili alikuwa amekisoma kitabuni, na alikitumia chote.

"Hamjambo, enyi mabibi! Je, nanyi mwasafiri kuwatazama wanyama?"

"Sisi tunamtafuta mmoja," akasema Shangazi.

Safari ikaanza. Gari likaruka mashimo, hereni zikampiga Herufi mashavuni, mbung'o wakalipenda lile gauni jekundu kuliko ngozi ya nyati. Twiga wakapita, pundamilia wakapita. Bibi Mgeni kila mara anasimama, "Samahani sana, je, huyu ni nani?" na kutia alama. Shangazi alimwona kiboko akasema anafanana na aliyekuwa bosi wake wodini, akamsalimia. Herufi hakuona mnyama hata mmoja. Alikuwa anatafuta nyumba.

Saa nne hivi redio ya Taratibu ikakoroma: "Bibie yupo. Kando ya mto. Watoto wote wawili."

Herufi aliruka kitini akagonga kichwa kwenye chuma cha paa. "Nipeleke kwa huyo Bibie!"

Taratibu akapunguza mwendo, ingawa haukuwepo wa kupunguza. "Binti, kwani wewe unamjua Bibie?"

"Kwani ni siri?"

"Ni siri yetu madereva."

"Madereva? Wote mnamjua?"

"Wote, binti. Kila mtu anaenda kwake. Mimi jana nimeenda mara mbili."

Shangazi akashika kifua. "Mzee mzima! Na mke wako anajua?"

"Mke wangu nilimpeleka mwenyewe mwaka jana. Alifurahi, mpaka akapiga naye picha kwa mbali."

Shangazi na Herufi wakatazamana. Miaka thelathini wodini, Shangazi alidhani ameshasikia yote.

"Na Darubini?" Herufi akauliza. "Naye huenda?"

"Darubini ndiye aliyemvumbua! Bila Darubini sisi tungemjulia wapi? Ila siku hizi, maskini, anakaa pale kutwa, hasemi, hali. Wanasema kuna mwanamke mjini kamtenda."

"Ongeza mwendo," akasema Herufi.

Walipokata kona ya mto, magari manne yalikuwa yamepangana, injini zimezimwa, paa zimefunguliwa, watu wamesimama kimya kama wako msibani. Herufi akainuka juu ya kiti, mikono kiunoni, tayari kwa vita. Akatazama upande walikotazama wote.

Juu ya jiwe pana, jua likimpiga ubavuni, alikuwa amejilaza chui. Madoa yake meusi yalipangika vizuri, mkia unaning'inia, macho nusu. Tumboni mwake watoto wawili wanagombea ziwa, mmoja kamkanyaga mwenzake usoni.

"Yuko wapi?" akanong'ona Herufi.

"Nani?"

"Bibie!"

"Si huyo unayemtazama?" Taratibu naye akanong'ona. "Kwenye redio hatutaji mnyama kwa jina. Wageni majina wameshayajua. Ukitamka tu chui, wote wanasimama juu ya viti, na mkifika mkamkosa, lawama zako. Ndiyo maana simba ni Sharubu, tembo ni Mzee wa Mizigo, na huyu ni Bibie."

Herufi akaishusha mikono kutoka kiunoni. Kisha akamwona Darubini. Gari lake lilikuwa la pili kutoka hapo walipo, hatua tano hivi, na sasa alikuwa amegeuza shingo, miwani puani, anamtazama yeye na si chui. Alikuwa amekonda.

Herufi akaporomoka. Alijikunja chini, katikati ya viti, gauni jekundu na vyote, akajifunika kwa begi la Shangazi.

"Toka huko," Shangazi akasema.

"Sitoki. Nirudisheni mjini."

"Darubini," Taratibu akanong'ona kupitia dirishani, huku akiwa amekwisha elewa yote na furaha imemjaa, "huyu si yule wa miwani? Alidhani Bibie ni mkeo!"

Minong'ono ikapita gari hadi gari. Madereva walishika midomo yao kwa viganja, mabega yakitikisika. Mbugani hushuki garini, na karibu na chui mwenye watoto hupazi sauti, kwa hiyo kucheka walicheka kwa pua. Darubini hakucheka.

"Mwulize," akasema kwa chini, "kwa nini hakuniuliza."

Bibi Mgeni, ambaye ndiye aliyekaa dirishani, upande wa gari la Darubini, akainama kwa heshima kuelekea kwenye begi. "Bwana yule auliza kwa nini hukumwuliza."

"Mwambie nilikosea."

Bibi Mgeni akainuka. "Bwana, bibi huyu asema yeye ni mjinga."

"Sikusema hivyo!" likalia begi.

"Nimefupisha," akasema Bibi Mgeni.

"Siku kumi," Darubini akaendelea. "Siku kumi sijalala. Neno moja tu lilitosha. Bibie ni nani? Ningejibu. Mwambie nimechoka kuongea na watu wa katikati. Kama ana neno, aseme mwenyewe. Kama hana, mimi Jumatatu naondoka."

Bibi Mgeni akafungua mdomo. Shangazi akamziba. "Hilo kalisikia."

Kamera zilizokuwa zinaelekea jiweni zikaanza kugeuka pole pole upande wa gauni jekundu. Herufi akatoka chini ya viti. Kilemba kilikuwa kimehamia sikioni, rangi ya midomo imefika shavuni, hereni moja haipo. Akasimama, kichwa na mabega yakatokeza juu ya paa.

"Niliogopa kuuliza," akasema. "Mara ya kwanza niliuliza, nikajibiwa ukweli, nikabaki na gauni la harusi mkononi. Nikasema safari hii bora nisijue. Kila mtu anayekaa kwenye kiti changu namlazimisha atazame, na mimi mwenyewe nilifumba macho kama mtoto. Unisamehe. Nakupenda, Darubini, usiende!"

Lile neno la mwisho lilimtoka kwa sauti ya kuamsha kijiji. Chui akainua kichwa. Akawatazama wote kwa dharau, gari moja moja, akamwinua mtoto mmoja shingoni kwa meno, mwingine akamfuata nyuma akijikwaa, wakaingia kichakani wakapotea.

"Ah, jamani!" madereva wote kwa pamoja.

"Nilikuwa bado kutia alama," akasema Bibi Mgeni kwa huzuni, kisha akatia.

Darubini alikuwa amevua miwani. Anaifuta kwa shati, anaifuta tena, na ilikuwa safi tangu mwanzo. Wageni wake wanne wakamtazama, shingo mbele, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Kesho ni Jumapili," akasema hatimaye.

"Najua."

"Mama yako ulimwambia sababu gani? Maana atakuwa ameshanichukia."

Herufi akainamisha kichwa. Hili hata Shangazi alikuwa hajaambiwa.

"Sikumwambia. Nilishindwa. Kila nikijaribu, ulimi unakataa. Mama bado anajua unakuja. Mapazia amefua mara mbili. Jana kaniuliza chai yako unaweka vijiko vingapi vya sukari, nikamwambia viwili, halafu nikaenda bafuni nikalia."

Darubini akavaa miwani yake. Akamtazama kwa makini, tangu kilemba kilichopinda mpaka rangi ya shavuni, na mdomo ukaanza kumcheza.

"Mboni yangu," akasema, "mimi huweka vitatu."

"Kesho utakunywa viwili, na utasema asante!" Herufi akamjibu, analia na kucheka, na magari yote matano yakaangua kicheko kwa sauti, maana hapakuwa tena na mtu wa kumnyamazia.